Kumi na Moja Haichekeshi

4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Naamini barua hii imekukuta mzima, wifi mzima, watoto wazima, na Mama mzima kuliko ninyi nyote. Umenikataza kupiga simu kwa sababu kuta za nyumba yenu ni nyembamba na Mama ana masikio ya paka, basi nimenunua bahasha kumi. Mwenye duka aliniuliza nani amefariki.

Mimi nipo. Chumba ni kile kile, ghorofa ya tatu, juu ya yule mama fundi cherehani. Kazi imechangamka. Unakumbuka nilivyokuwa napandishwa jukwaani bendi ikipumzika, watu wakienda msalani? Sasa nina Jumamosi yangu mwenyewe. Kwenye tangazo la mlangoni wameandika BI WASIWASI kwa herufi kubwa kuliko za bendi, na mpiga gitaa hanisalimii tena.

Kinachowavunja mbavu ni habari ya Mama. Nawaambia tulivyokuwa tukitoka nyumbani nikiwa mdogo. Tunafika kona, Mama anasimama, anashika kifua: "Umehakikisha jiko limezimwa?" Tunarudi. Tunatoka tena, kona ile ile: "Umehakikisha jiko limezimwa?" Sauti yake naipatia mpaka ule mkwaruzo wa kooni. Mara ya tatu ukumbi mzima unaitikia pamoja nami. Juzi mzee mmoja alicheka mpaka meno ya bandia yakamdondokea kwenye glasi ya jirani yake.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Na mimi narudi, Kaka. Nikitoka chumbani narudi kuangalia jiko. Jukwaani nasema narudi mara tatu. Kweli yenyewe ni kumi na moja, nimehesabu. Ila kumi na moja haichekeshi. Mtu akisikia kumi na moja anaanza kukuonea huruma, na anayekuonea huruma hacheki. Mikono nayo naiosha mpaka imechubuka. Nimekwenda kwa daktari, mama mmoja mtu mzima, mpole, miwani yake ameifunga kwa uzi. Akaniuliza, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuugua hivi?" Nikamjibu hakuna. Nilipofika kwenye ngazi nikajiuliza, nimejuaje? Mama alikuwa na wasiwasi wa wazazi wote, huo siuhesabu. Wewe ndiye mkubwa. Hakuna, siyo?

Mdogo wako


11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako ilifika kwenye sanduku la shule ikakaa, kwa sababu karani alikuwa likizo. Sisi hatujambo. Wifi yako mgongo unamsumbua lakini anainuka. Mtoto mkubwa amefaulu, mdogo ameng'oka jino. Mama hajambo, anakunywa chai yake, anasikiliza redio.

Hapa karakana tumeletewa madawati mia mbili na arobaini ya kutengeneza kabla shule hazijafunguliwa. Mbao walizotuletea ni mbichi. Ukipiga msumari leo, kesho ufa. Nimemwambia mwalimu mkuu, akasema nipige hivyo hivyo.

Nimefurahi kazi yako inakwenda vizuri. Lakini habari za Mama ziache. Mtu hachezewi akiwa hai, na wala si vizuri akiwa amekufa. Tafuta kichekesho kingine. Wanasiasa wapo wengi.

Kuhusu jiko na mikono, punguza chai ya jioni. Kazi inakuchosha. Ukipata nafasi pumzika.

Ni mimi kaka yako


27 Machi

Kaka,

Shikamoo, na pole kwa mbao mbichi. Mpe wifi pole ya mgongo, mwambie asibebe ndoo mbili kwa mpigo.

Hukunijibu. Nimeisoma barua yako mara nne nikidhani labda jibu liko nyuma ya madawati. Umeniambia jino la mtoto limeng'oka, umeniambia karani yuko likizo, na lile moja nililokuuliza umelipita kama mtu anayepita kwa anayemdai.

Nikusimulie. Jumamosi iliyopita nilichelewa kupanda jukwaani. Nilifika ukumbini mapema, nikarudi chumbani kwa teksi kuangalia jiko. Lilikuwa limezimwa. Nikapanda teksi ile ile. Katikati ya njia nikamwambia dereva tugeuze. Akanitazama kwenye kioo, akasema, "Dada, wewe si ndiye yule wa jiko?" Akacheka njia nzima. Alidhani namfanyia onyesho la bure.

Mwenye ukumbi alinifokea, kisha akanipa habari njema: watu wa televisheni wanakuja mwezi ujao kunirekodi. Nusu saa nzima, peke yangu. Wanataka habari ya Mama hasa. Kaka, nimengoja hili miaka tisa. Siwezi kuwaambia nitawapa wanasiasa.

Lakini kuna kitu kimenikaa. Nilipokuwa na miaka sita Mama aliondoka, akakaa muda mrefu sana. Wewe ndiye uliyekuwa unanisuka nywele, vibaya. Mliniambia amekwenda kumwuguza mama mkubwa. Ni hivyo kweli? Daktari ananiuliza kila nikienda, na mimi sina la kumwambia.

Mdogo wako


22 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wazima.

Mama alikwenda kumwuguza mama mkubwa. Ni hivyo. Baba alikwambia, na mimi nakwambia. Huyo daktari wako atibu mikono, ya kwetu atuachie.

Hiyo habari ya jiko usiipeleke kwenye televisheni. Nakuomba kama kaka yako. Sikuombi mambo mengi.

Kaka


9 Mei

Kaka,

Shikamoo. Salamu kwa wote, kila mmoja na ya kwake, msinyang'anyane.

Barua yako ilifika siku tano baada ya kurekodi. Ingefika kabla, sijui ningefanya nini. Nasema sijui, lakini najua. Ningefanya vile vile.

Ilikwenda vizuri mno. Taa kali, watu wamevaa kama wanakwenda harusini. Nilipofika kwenye jiko walisimama. Binti mmoja wa kupaka poda aliniambia nje, "Kwetu sasa hatuagani, tunaulizana jiko." Kipindi kitarushwa tarehe moja Juni, saa kumi na mbili jioni. Nimeona nikuambie mwenyewe.

Sasa lingine. Mama mkubwa alikuja ukumbini wiki mbili kabla ya kurekodi, kaletwa na mkwewe. Miaka themanini na kitu, kanyooka kama mstari. Baada ya onyesho nilimshika mkono nikamwambia, "Mama mkubwa, asante Mungu ulipona ule ugonjwa, tungekukosa." Akasema, "Ugonjwa gani? Mimi sijalala hospitali hata siku moja, wote nimewazaa nyumbani." Nikamweleza, mwaka ule Mama alipokuja kukuuguza. Akaanza kutafuta mkoba wake, nao alikuwa ameushika. Mwishowe akasema, "Hayo mwulize kaka yako." Hakutaka hata kumaliza soda.

Basi nakuuliza. Mama alikuwa wapi?

Mdogo wako


4 Julai

Kaka,

Shikamoo. Sijui kama mko wazima. Ni miezi miwili sijapata neno. Nimepiga simu mara tatu. Mara zote amepokea wifi, anasema umo karakana, Mama amelala. Saa tano asubuhi Mama amelala?

Nakuandikia kwa shida, vidole vimepasuka, kalamu inauma. Ukiona doa kwenye karatasi si chai.

Baada ya kipindi kurushwa, kila mahali ni jiko. Sokoni, kwenye ngazi, benki. Mwanzoni niliwainulia mkono. Kisha nikaanza kuwasikia hata wasiposema. Kutoka chumbani sasa kunanichukua saa mbili.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilipanda jukwaani, nikafika kwenye kona, nikashika kifua, nikafungua mdomo. Sauti ya Mama ikatoka, lakini safari hii sikuwa ninamwigiza. Nilitaka kujua, Kaka. Nilitaka kweli mtu aniambie kama limezimwa. Nikasimama pale. Watu wakacheka. Nikaendelea kusimama, wakazidi kucheka, wakapiga meza. Halafu kicheko kikaanza kupungua, meza moja, nyingine, mpaka nikamsikia mtu akiweka glasi chini. Wanasema zilikuwa dakika nne. Mwenye ukumbi akapanda akanishika kiwiko, akaniambia kwenye sikio, "Shuka, mama, basi." Nilipokuwa nashuka mtu mmoja akapiga makofi, mwenzake akamzuia.

Jumamosi yangu amepewa bwana mmoja anayeiga sauti za wanyama.

Sikuulizi tena kwa ajili ya daktari. Nakuuliza kwa sababu naogopa.

Mdogo wako


20 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua zako zote zimefika. Ya Mei nimeibeba kwenye mfuko wa aproni mpaka imekatika kwenye mikunjo. Sina kisingizio. Naandika nikiwa karakana, wenzangu wamekwenda kula.

Nianze na Mama, maana wifi yako hakukwambia kweli. Siku ya kipindi chako wifi yako aliwaalika majirani. Sebule ilijaa, wengine walikaa chini. Mama alivaa gauni lake la kahawia akakaa kiti cha mbele. Ulipotokea alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Ulipoanza habari ya jiko majirani wakacheka, naye akatabasamu kidogo, kama mtu asiyejua wenzake wanacheka nini. Mara ya pili akanigeukia. Televisheni hakuitazama tena, alinitazama mimi. Mara ya tatu sebule nzima ikaitikia pamoja nawe. Mama akainuka, akanipitia karibu, akasema chini chini, "Umemwambia." Nikasema, "Mama, sijamwambia kitu." Akaingia chumbani. Tangu siku hiyo hajatoka ila kwenda kuoga. Jirani mmoja, mtu mwema kabisa, alimsalimia kupitia dirishani kwa maneno yako, akicheka. Mama akafunga dirisha. Bado limefungwa.

Sasa lile unaloniuliza.

Baba, kama unavyojua, alikuwa mlinzi wa ghala, anakuja nyumbani Jumapili tu. Mwaka ule mimi nilikuwa na miaka kumi na minne. Mama alianza kurudi kuangalia jiko. Wewe unakumbuka kama mchezo kwa sababu alikuwa anakubeba mgongoni tukirudi, na wewe ulikuwa unacheka. Haikuwa mara tatu. Nilikuwa nakosa shule ili nirudi naye. Halafu akaacha kutoka. Halafu akaacha kuwasha jiko kabisa. Alilimwagia maji, akalipeleka nje, akaja kuchungulia mahali lilipokuwa. Baba alipokuja Jumapili, Mama alimwambia jiko limeibiwa, tutanunua jingine, na mimi niliunga mkono ule uongo kwa sababu Mama aliniomba. Tulikula mkate mkavu. Mkate ulipokwisha tulikunywa maji ya sukari. Wiki ya pili Baba hakuja, walimzuia kazini. Siku moja nilikukuta umelala sakafuni huitiki, macho wazi. Nikakimbia mpaka ghalani.

Baba alikuja na wenzake wawili na gari la ghala. Nilidhani watamgombeza tu. Walimshika mikono. Hakupiga kelele. Walipokwisha kumpandisha Mama aligeuka, hakumtazama Baba, alinitazama mimi, akaniuliza, "Umehakikisha jiko limezimwa?" Na jiko halikuwemo ndani.

Hayo ndiyo maneno unayowachekeshea watu. Nadhani ulikuwa begani kwa jirani pale mlangoni, ukasikia, ukabaki na sauti tu.

Alilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili miezi kumi na minne. Baba alituambia jambo hili likitoka nje wewe hutaolewa na mimi sitapata kazi. Mama mkubwa alikubali tutumie jina lake. Baba amekufa, na mimi nimeendelea kulinda ghala lake.

Wewe ulicheka bila kujua. Mimi nilijua, nikakuacha ucheke, nikijiambia ukicheka ndio huumwi. Mwambie daktari wako yupo mtu. Ni mama yetu. Na aliyekwenda kuwaita wale watu ni mimi.

Kaka yako


15 Agosti

Kaka,

Shikamoo.

Nimekaa siku kumi na barua yako kabla ya kushika kalamu. Niliisomea kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Yule mama fundi cherehani alitoka na futi shingoni, akaniuliza kama ni msiba. Nikamwambia sijui. Akaniingiza kwake, akanikalisha kati ya marobota ya vitambaa, hakuniuliza tena. Sasa nashinda hapo. Nashona vifungo. Kwa kutwa nzima namaliza mashati manane, mengine anayafumua nikienda.

Daktari nilimpa barua yenyewe, sikuweza kumsimulia. Aliisoma mpaka mwisho. Akasema, "Kaka yako alikuwa mtoto." Nilitaka ujue kwamba alisema hivyo.

Amenipa vidonge. Na kuna zoezi: natoka, nafunga mlango mara moja, nashuka mpaka kwenye kona, nasimama. Sirudi. Natetemeka, jasho linanitoka, watu wanapita, wengine wananitambua. Nasimama mpaka hofu ipite. Jana ilipita baada ya dakika hamsini. Juzi haikupita, nikarudi.

Nilikwenda kwa watu wa televisheni kuwaomba wakifute kile kipindi. Kijana wa pale alinisikiliza kwa adabu. Akasema, "Dada, kile si chako tena." Wanakirudia mwezi huu.

Kwa hiyo maneno yake yako nje na siwezi kuyarudisha. Nilimwiga mpaka mkwaruzo, Kaka. Niliufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Ndani ya bahasha hii kuna nyingine, imefungwa, ni ya Mama. Humo hakuna kichekesho hata kimoja, nimeipitia mara mbili kuhakikisha. Mpe ukiona inafaa. Asipotaka kuipokea, ichome huko karakana, usinirudishie.

Mdogo wako


30 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Madawati tumemaliza, na yale ya mbao mbichi yameanza kurudi, kama nilivyosema. Wifi yako anakusalimu, anaomba radhi kwa ule uongo wa kwenye simu. Nilimwagiza mimi.

Bahasha ya Mama nilikaa nayo wiki mbili. Jumapili moja niliipeleka na chai, nikaiweka kwenye trei, nikageuka niondoke. Akaniita. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo. Akasema, "Nisomee." Hivyo nimeisoma, nisamehe. Nilisoma kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Mahali pamoja aliniambia nirudie. Unapajua. Nilirudia mara mbili.

Nilipomaliza chai ilikuwa imepoa. Nikaona sasa au basi. Nikamwambia, "Mama, siku ile ni mimi niliyekwenda kumwita Baba." Miaka ishirini na sita nimelibeba hilo, hata wifi yako sijamwambia. Akasema, "Najua. Nilikuwa dirishani. Nilikuona unakimbia bila viatu." Nikamwuliza, "Mbona hukunizuia?" Akasema, "Nilikuwa naomba usianguke."

Nilitoka nje nikasimama ukutani, mtu mzima mimi, mpaka wifi yako akaja kunitafuta.

Baada ya hapo amezungumza, kidogo kidogo, siku baada ya siku. Anasema alipotoka hospitali alipewa vidonge vya kuendelea navyo, na vilimsaidia. Aliweza kupika. Baba ndiye aliyekuwa anakwenda kuvichukua, mpaka siku moja akamkuta mtu wa kazini kwake kwenye foleni ya dirisha la dawa. Hakwenda tena. Mama akajiona ana nafuu, akanyamaza. Tangu hapo hajaingia jikoni. Sisi tulidhani anamwachia wifi yako heshima ya nyumba. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anaishi chumba cha pili kutoka kwenye jiko, na kila siku ni vita.

Ameniagiza nikuandikie haya kama alivyosema: usiache dawa ukijiona umepona. Mdomo ukikauka, tafuna kipande cha limau. Mwezi wa tatu mikono itaanza kuwa myepesi. Na usiruhusu mtu mwingine akuchukulie, nenda mwenyewe.

Nilimwambia naweza kumpeleka kwa daktari, wa hapa au huyo wako. Hajakubali, hajakataa.

Kuhusu kuja kwako, ulivyomwomba kwenye barua yake, nilimwuliza. Akasema, "Asije kwanza." Kuhusu kukusamehe hakusema kitu, nami sikumlazimisha. Dirisha bado limefungwa. Nakuandikia ilivyo, nimechoka kuandika isivyokuwa.

Nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha hii akaniita tena, ikabidi niifungue. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu chini. Anataka kujua vidonge vyako ni vyeupe au vya manjano. Vyake vilikuwa vya manjano, vinaacha uchungu kwenye ulimi mpaka jioni. Nikamwambia sijui, nitakuuliza. Akasema nisingoje kesho, niipeleke posta leo.

Kaka yako